Namna ya Kutambua Dalili za Mwanzo za ALS

ALS, ugonjwa ambao daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot aliueleza mwaka 1869, huua polepole seli za neva za ubongo na uti wa mgongo zinazoendesha misuli, na kwa kuwa aghalabu huanza bila maumivu makubwa, watu wengi huupuuza wakidhani ni uchovu au uzee.

Chunguza kwanza udhaifu wa upande mmoja. Mtu hushindwa kufunga vifungo vya shati, kuzungusha ufunguo au kukamua nguo. Au wayo wake hulegea, kandambili ikawa inamchopoka na vidole vikajikwaa hata penye sakafu sawa. Linganisha viganja vyake: nyama ya shina la kidole gumba ikiwa imesinyaa upande mmoja, usilipuuze jambo hilo. Misuli pia huchezacheza chini ya ngozi, lakini kope inayocheza bila udhaifu wala kusinyaa huwapata watu wengi wenye afya, wala isikukoseshe usingizi.

Kwa wengine ugonjwa huanzia kinywani. Maneno huwa mazito, sauti hutokea puani, na wasiomfahamu humdhania mlevi, dhana inayomuumiza sana mtu ambaye akili yake ingali timamu. Baadaye hupaliwa anapokunywa maji, na huenda akalia au kucheka pasipo sababu.

Kinachosaidia zaidi kuutofautisha ni mwendo wake. Kiharusi hushika ghafla. Huu hutambaa kwa wiki na miezi, ukitoka kiungo kimoja hadi kingine. Ganzi na kuwaka moto nyayoni huelekeza zaidi kwenye maradhi mengine, kama kisukari, kwani katika ALS hisia za ngozi kwa kawaida hubaki.

Andika tarehe ya kila badiliko, kisha mwone daktari wa mishipa ya fahamu. Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachoutambua. Daktari hupima umeme wa neva na misuli, na picha ya MRI ya shingo ni muhimu, kwa sababu uti wa mgongo uliobanwa huweza kuleta dalili zinazofanana, nao unatibika.

Mgonjwa akishindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, au akiamka kila asubuhi na maumivu ya kichwa, huenda misuli ya kupumua imeguswa: mpeleke hospitali siku hiyohiyo.