Jinsi ya Kuchagua Safari ya Meli kwa Familia Yenye Watoto Wadogo na Mahitaji Maalumu ya Chakula

Familia nyingi za Afrika Mashariki zinazoishi Marekani huanza kuchagua safari ya meli kwa kuangalia bei na picha za mabwawa ya kuogelea. Mimi ni wakala wa safari, na nikipokea familia yenye mtoto mwenye mzio wa karanga, bibi mwenye kisukari, au watu wasiokula nyama isiyochinjwa kihalali, huanza na jiko. Meli kubwa zinazoondoka Galveston, Miami na Port Canaveral kwenda Mexico, Bahama na visiwa vya Karibi hukaribiana sana kwa burudani. Zinapoachana ni katika namna ombi la chakula linavyopokewa, linavyoandikwa na kufikishwa hadi kwenye sahani ya mtoto.

Hatua ya 1: Andika mahitaji ya kila mtu

Mwandikie kila mtu ukurasa wake: chakula kinachomdhuru, kiasi kinachotosha kumdhuru, dalili zinazompata na dawa anazotumia. Tenganisha mzio, ugonjwa, dini na mazoea, kwa sababu jiko huvishughulikia kwa njia tofauti. Asiyependa maziwa hutosheka chakula chake kikipakuliwa bila jibini, lakini mwenye mzio wa maziwa anahitaji chakula kilichopikwa kwa vyombo visivyoguswa na siagi. Sheria ya Marekani inatambua vyanzo vikuu 9 vya mzio: maziwa, mayai, samaki, kamba na jamii yake, njugu za miti kama korosho na lozi, karanga, ngano, soya, na ufuta, ambao ulianza kuhesabiwa mwaka 2023. Mtoto anayedhurika na dengu au ndizi hayumo katika orodha hiyo, kwa hiyo vyakula hivyo lazima uvitaje kwa majina.

Hatua ya 2: Hakikisha umri wa mtoto unakubalika

Kampuni kama Royal Caribbean, Disney na Carnival hupokea watoto kuanzia miezi 6 katika safari nyingi za kawaida, na kuanzia miezi 12 katika safari ndefu kama zile za kuvuka Atlantiki. Umri unaohesabiwa ni wa siku ya kupanda meli, si wa siku ya kuweka nafasi.

Hatua ya 3: Lihoji jiko kwa maandishi

Hii ndiyo hatua inayostahili muda wako mwingi kuliko nyingine zote. Kampuni kubwa huwa na idara ya wageni wenye mahitaji maalumu. Iandikie barua pepe, kisha uhifadhi majibu. Usiulize kama wanahudumia watu wenye mzio, kwa kuwa wote watakujibu ndiyo. Uliza maswali ambayo majibu yake unaweza kuyalinganisha. Je, kuna kikaango cha mafuta kisichotumika kabisa kwa vyakula vyenye ngano? Chipsi zilizokaangwa katika mafuta yaliyopikia kuku wa unga wa ngano hazimfai mwenye seliaki, yaani ugonjwa ambao gluteni, protini iliyomo katika ngano, hudhuru utumbo, hata kama viazi vyenyewe havina gluteni. Je, chakula cha mtoto huandaliwa mahali pake, na ni nani anayekileta mezani? Je, tunaweza kuchagua leo usiku chakula cha kesho?

Swali hilo la mwisho nalipa uzito mkubwa. Katika ukumbi mkuu wa meli nyingi, mhudumu mkuu humletea mgeni mwenye mzio menyu ya kesho baada ya chakula cha jioni, ili wapishi wajiandae mapema. Utaratibu huo hufanya kazi vizuri zaidi mkiwa na meza na saa maalumu, kwa kuwa mnahudumiwa na watu wale wale kila jioni. Kwenye meli za Disney familia hubadilisha mkahawa kila usiku, lakini wahudumu wake huhama pamoja nayo, na kwa mtoto mwenye mzio mkali naona mpangilio huo una thamani kuliko bwawa lolote. Chagua zamu ya mapema: zamu ya pili huchelewa mno kwa mtoto wa miaka miwili, na pia kwa mtu anayetumia insulini.

Bufee ni mahali pa kuogopwa. Kijiko cha mchuzi wenye karanga huhamishwa na mgeni hadi kwenye bakuli la wali, na hakuna mpishi anayeweza kulizuia jambo hilo. Mwenye mzio mkali apate hata kifungua kinywa katika ukumbi mkuu.

Kwa familia za Kiislamu, jibu kwamba chakula hakina nguruwe halitoshi. Uliza nyama ina cheti cha nani, kama inachomwa kwenye chombo chake, kama mchuzi umetiwa mvinyo, na kama vitindamlo vina jelatini ya wanyama. Katika safari za Karibi usitarajie kukuta nyama ya halali bila kuiagiza mapema, na jibu likibaki la kuzungukazunguka, panga kula samaki na mboga. Kampuni nyingi zinaweza kuleta milo ya Kiyahudi ya kosha iliyofungwa; kama inawatosha au haiwatoshi ni uamuzi wenu na mashehe wenu, si wa wakala.

Hatua ya 4: Kagua klabu ya watoto na bwawa

Klabu ya watoto ya Royal Caribbean huanzia miaka 3, na mtoto lazima awe ameacha nepi. Ya Carnival huanzia miaka 2. Uliza kama watoto hupewa vitafunio humo na ni nani anayevikagua, kwa sababu walezi wa klabu si watu wa jikoni. Mwenye seliaki aangalie hata unga wa kuchezea, kwani aina nyingine, ikiwemo Play-Doh, zina ngano. Mtoto wa nepi haruhusiwi katika mabwawa ya kawaida, hata akivaa nepi ya kuogelea; tafuta meli yenye sehemu ya maji iliyotengwa kwa ajili ya watoto wachanga.

Hatua ya 5: Chagua chumba na njia

Omba kitanda cha mtoto na friji ya dawa wakati wa kuweka nafasi. Vyumba vingi vina bomba la mvua bila beseni la kuogea, ila vya Disney vingi vinalo. Kuhusu njia, napendelea safari zinazosimama kwenye visiwa vinavyoendeshwa na kampuni yenyewe, kama CocoCay wa Royal Caribbean au Castaway Cay wa Disney, kwa sababu siku hiyo mnaendelea kulishwa na kampuni ile ile iliyopokea ombi lenu. Katika bandari kama Cozumel, Mexico, mkahawa wa ufukweni haujui lolote kuhusu barua yako, hivyo rudini melini kula, au bebeni vyakula vya dukani ambavyo pakiti zake hazijafunguliwa. Matunda na nyama mbichi havitolewi melini.

Hatua ya 6: Lipa baada ya kupata majibu

Malipo ya mwisho hudaiwa takribani miezi 3 kabla ya safari. Kabla ya tarehe hiyo uwe na majibu ya jiko kwa maandishi. Yasipokuja, badilisha meli. Nunua bima inayolipia matibabu ya baharini na kuhamishwa kwa dharura, kwani zahanati ya meli hutoza kila huduma. Pakia sindano mbili za epinefrini (dawa ya dharura ya mzio mkali), maziwa ya kopo na nepi za safari nzima katika mzigo wa mkononi, maana mabegi mengine hufika chumbani baada ya saa kadhaa. Siku ya kupanda, kabla ya kula chochote, nenda ukumbi mkuu ukiwa na barua yako, umwone mhudumu mkuu, na usome pamoja naye jina la kila mtoto na chakula kinachomdhuru.