Kila hatua ina mdudu wake: kwa msaidizi mpya wa daktari wa meno

Wadogo zangu mnaoanza kazi chumba cha meno hapa Tanga, iwe hospitali ya Bombo, iwe kituo cha afya, iwe kliniki ya mtu binafsi kule Ngamiani, hii nimewaandikia nyie. Wengi mnafundishwa hatua tu, vaa hiki, loweka kile, washa mashine, basi, hamwambiwi hatua ile imewekwa kwa ajili ya mdudu gani, na mtu asiyejua sababu ndo wa kwanza kuruka hatua siku foleni ikifika mpaka nje. Kwa hiyo mi nitaenda mdudu kwa mdudu.

Mdomo wenyewe kwanza. Mwaka 1683 Mholanzi mmoja, Antonie van Leeuwenhoek, alikwangua ule utando mweupe kwenye meno yake akautazama kwa lenzi aliyotengeneza mwenyewe akakuta viumbe vinaogelea humo, leo tunajua mdomoni kuna aina zaidi ya 700 za bakteria. Wengi hawana ugomvi na mtu. Streptococcus mutans ndo yule anakula sukari anatoa asidi inayotoboa jino, na Porphyromonas gingivalis anajificha chini ya fizi mpaka mfupa unaliwa jino linacheza. Ila hao hao wenyeji wa mdomoni jino likingolewa wanaingia kwenye damu, na kama mtu ana valvu ya bandia kwenye moyo au alishawahi kuugua moyo kwa sababu ya bakteria wanaweza kwenda kukaa huko. Ndo maana kabla mgonjwa hajakaa kitini unamuuliza, mama samahani, una tatizo lolote la moyo, ulishafanyiwa operesheni ya moyo? Akisema ndio daktari aambiwe kabla ya ganzi, yeye ndo ataamua kuhusu dawa ya kinga.

Sasa hao wageni. Wa kwanza kumuogopa ni virusi vya homa ya ini aina B, na nasikitika sana watu bado wanaogopa UKIMWI peke yake. Mtu akichomwa sindano yenye damu ya mwenye VVU uwezekano wa kuambukizwa ni kama 0.3%, homa ya ini C ni karibu 2% au chini ya hapo, lakini homa ya ini B kwa asiye na chanjo ni kati ya 6% mpaka 30%. Halafu kirusi hiki tone la damu likishakauka juu ya meza kinaweza kubaki hai siku 7 au zaidi, wewe huoni kitu, unapitisha mkono wenye mchubuko, kwisha. Chanjo ipo, sindano 3, ya leo, ya baada ya mwezi 1 na ya mwezi wa 6. Watoto wetu wanapata tangu 2002 lakini nyie mliozaliwa kabla ya hapo msijihesabu mmechanjwa, na ukimaliza ya tatu subiri mwezi mmoja au miwili ukapime kama mwili umejenga kinga maana wapo ambao haijengeki mpaka warudie. Usianze kushika vifaa vya wagonjwa huku unasema nitachanja mwezi ujao.

Na hapa niseme kitu kinaniuma. Mgonjwa akisema ana VVU msaidizi anakimbilia glavu mbili, anafunika kiti kizima na kunong'ona mlangoni, yule mama aliyetoka Pangani na jino lake linauma anatamani ardhi ipasuke. Halafu anayefuata kwa kuwa ni mnene na anacheka anahudumiwa hovyo hovyo. Wengi wenye homa ya ini B au VVU wenyewe hawajijui, kwa hiyo glavu, barakoa, miwani na gauni ni kwa kila mtu, sawasawa, bila kuangalia sura. Tena sisi watu wa pwani tuna wazee wanaokula tambuu, mate yanatoka mekundu hujui kipi damu kipi tambuu, wewe hesabu mate yote ni damu.

Kifua kikuu ni habari nyingine kwa sababu huyu hapiti kwenye damu, anapita hewani. Bakteria wake ana ngozi ya mafuta mafuta, nta, ndo maana dawa nyingi dhaifu za kufutia meza hazimuui na anaweza kuelea chumbani masaa. Maswali ni manne: kikohozi wiki 2 au zaidi, homa, jasho jingi usiku, kupungua uzito. Jibu likiwa ndio, mpe barakoa, mtoe kwenye benchi la wenzake mkalishe penye upepo, mwambie daktari, kama jino si dharura linasubiri apimwe kwanza. Barakoa ya kawaida ya kwako haikulindi vizuri na huyu, inatakiwa N95, ile barakoa inayochuja hewa, iliyokaa vizuri usoni. Najua joto la Tanga mwezi wa pili, AC inawashwa na madirisha yanafungwa, lakini AC nyingi za ukutani zinazungusha hewa ile ile tu haziingizi mpya, sasa fungua dirisha, upepo wa bahari tumepewa bure.

Malengelenge ya mdomoni, ile hepesi, msidharau. Kidonda kibichi pembeni ya mdomo kimejaa virusi, kikigusa kidole kisicho na glavu unapata vipele vya maji vyenye maumivu makali kwenye kidole, na kikirukia jicho kinaweza kuharibu uoni. Matibabu ya kupangwa yaahirishwe mpaka kikauke. Fangasi nao, Candida, ukiona utando mweupe ulimini unafutika na chini pekundu mwoneshe daktari, inaweza kuwa dalili ya kisukari au kinga iliyoshuka.

Kuhusu mikono sitasema mengi. Sabuni na maji yanayotiririka sekunde 40 mpaka 60, au dawa ya spiriti sekunde 20 mpaka 30 kama mikono haina uchafu wa kuonekana, kabla ya glavu na baada ya kuzivua. Na glavu ya mgonjwa haishiki simu wala kitasa wala faili.

Maji ya kwenye mashine watu wengi hawayajui kabisa. Ile mipira myembamba inayopeleka maji kwenye hendpisi, kile kifaa cha mkononi cha kuchimbia jino, usiku kucha maji yamesimama humo, bakteria wanajishika ukutani wanajijengea utando, asubuhi ukibonyeza pedali kwa mguu mgonjwa wa kwanza ananyweshwa wao. Asubuhi acha maji yatoke dakika 2 kabla ya mtu yeyote, na kati ya mgonjwa na mgonjwa sekunde 20 mpaka 30, maana hendpisi ikizimwa inaweza kuvuta mate ya aliyetoka ikarudi nayo ndani. Hilo haliui ule utando wenyewe, kwa hiyo dawa ya kusafishia mipira iwekwe kama mtengenezaji wa mashine alivyoelekeza. Na daktari akiwa anachimba wewe shika saksheni kubwa, lile bomba la kuvuta mate, karibu kabisa na jino, ule ukungu unaoruka juu una mate na damu na ukiuvuta pale pale haufiki machoni kwenu.

Sasa vifaa, hapa tukae. Adui hapa ni spora. Bakteria kama wa pepopunda akibanwa anajifunga kwenye ganda gumu analala, kuchemsha maji nyuzi 100 hakumuui, kwa hiyo wale wenye sufuria la umeme la kuchemshia mjue hamjatakasa kitu. Kinachomuua ni mvuke wenye presha, lakini mvuke lazima umguse, na hauwezi kumgusa akiwa chini ya damu iliyokauka. Chukua koleo la kung'olea, lifungue mpaka mwisho, sogea dirishani penye mwanga utazame pale kwenye maungio, utaona mstari wa kahawia ukadhani ni kutu, kwangua na ncha ya brashi utaona unatoka unga, ile ni damu ya mtu. Mashine ikiipika hivyo inagandia kama ukoko wa wali. Kwa hiyo kifaa kikitoka mdomoni kisiachwe kukauka, kiweke kwenye unyevu, kisha vaa glavu nene za jikoni, miwani na eproni, sugua na brashi na sabuni chini ya maji huku maungio yamefunguka, meno ya koleo pia, suuza, kausha kabisa, ndo ufunge pakiti.

Otokleva, yaani hiyo mashine ya mvuke wenye presha: nyuzi 121, vilivyofungwa dakika 30, visivyofungwa dakika 15 mpaka 20, na dakika zinahesabiwa joto likishafika sio ulipobonyeza swichi. Zinazofika 134 zinachukua dakika chache, fuata kitabu cha mashine yako. Umeme ukikatika katikati unaanza upya, hakuna kujumlisha dakika za kabla na za baada. Usishindilie pakiti, mvuke upate njia. Utepe wa kwenye pakiti kubadilika rangi unakwambia pakiti imepita kwenye joto tu, haukwambii wadudu wamekufa, kipimo cha kweli ni kile kichupa cha spora za Geobacillus, bakteria mgumu sana kufa kwa mvuke, kila wiki, zikifa hizo na wengine wamekufa. Hendpisi nayo inaingia humo kila baada ya mgonjwa, kuifuta na spiriti haitoshi. Halafu hii ya kwetu pwani: pakiti ikitoka imelowa au ikilala kwenye kabati lenye unyevu, karatasi inapitisha bakteria kutoka nje, haijatakasika tena hiyo hata kama umeipika asubuhi. Iache ikauke ndani ya mashine, weka mbali na sinki na ukuta wenye unyevu.

Jiki ya 3.5%, kipimo 1 cha jiki vipimo 6 vya maji, unapata 0.5%, changanya kila siku maana inapoteza nguvu. Damu ikimwagika funika na kitambaa, mimina, subiri dakika 10, futa. Vyuma usivilaze humo, vinaliwa.

Mwisho sindano. Kwenye meno daktari anarudia ganzi kwa mgonjwa yule yule, kwa hiyo kifuniko kinarudishwa, lakini kwa mkono mmoja, kilaze kwenye trei ukiokote na ncha. Ikishatumika inakwenda sefti boksi, lile boksi gumu la kutupia sindano, moja kwa moja na boksi likifika robo tatu linafungwa. Ukichomwa usikamue, usitie jiki, osha na sabuni kwenye maji yanayotiririka, mwambie msimamizi saa hiyo hiyo, mgonjwa aombwe kwa heshima akubali kupimwa na wewe upimwe siku hiyo hiyo. Dawa za kuzuia VVU zianze ndani ya masaa 2 ikiwezekana, zikipita 72 hazina maana tena, na ni siku 28 bila kukosa. Jina, saa, kifaa na jino lililokuwa linatibiwa viandikwe kwenye rejista kabla hujavua gauni.