Somo: mabomba ya kupanga kabla nyumba haijapigwa plasta

Bomba likishafunikwa na plasta na vigae, kosa lolote linarekebishwa kwa nyundo na tindo. Kaeni na fundi bomba kabla zege ya sakafu haijamwagwa, mchoro mezani. Mfano wetu ni nyumba ya chini yenye mabafu mawili na jiko, inayotumia tangi la juu.

Hatua ya 1: maji machafu. Choo inchi 4, bafu na sinki inchi 2. Bomba la inchi 4 lishuke sm 2.5 kila mita, kwa hiyo mita 8 zinashuka sm 20. Chini ya sakafu msiweke elbo ya nyuzi 90, ungeni mbili za nyuzi 45. Kila kona ya nje iwe na chemba, yaani shimo la kukagulia bomba. Bomba la hewa lipande hadi juu ya paa. Lisipokuwepo, ukiflashi choo kinanyonya maji ya kwenye trapu ya bafu (mkunjo wa bomba unaobaki na maji ya kuzuia harufu), na harufu inaingia ndani.

Nunua choo mapema, hata kama kitakaa stoo miezi sita. Choo chenye tundu sm 30 kutoka ukutani kinapimwa kuanzia uso wa kigae. Plasta, gundi na kigae vinakula karibu sm 3, hivyo kwenye tofali tupu pima sm 33. Fundi akipima 30 kwenye tofali, tangi la choo litagonga ukuta siku ya kufunga na sakafu itavunjwa.

Hatua ya 2: mnara wa tangi. Kila mita 1 ya kimo inatoa presha ya bar 0.1, ikihesabiwa kutoka kwenye maji ya tangi hadi kichwa cha bomba la mvua, siyo hadi ardhini. Ukitaka hita ya jua isiyo ya presha, kitako cha tangi lazima kiwe juu ya hita iliyoko kwenye paa, la sivyo haitajaa. Tangi la lita 2,000 likijaa, maji peke yake ni tani 2. Msilikalishe juu ya kenchi.

Hatua ya 3: maji safi. Bomba la PPR (plastiki inayoungwa kwa kuyeyushwa) kutoka kwenye tangi liwe milimita 32, matawi ya kila bafu 25, na 20 kwa kipande cha mwisho kinachoingia kwenye koki. Wanaotumia 20 nyumba nzima ndio wanaolalamika kwamba bafu moja likifunguliwa, la pili linadondosha. Kila bafu liwe na valvu yake. Laini ya maji ya moto iwekeni sasa, bomba la PN20 (daraja la presha lililoandikwa kwenye bomba), hata kama hita itanunuliwa baadaye. Kwenye miksa ya ukutani moto ni kushoto, baridi kulia, katikati hadi katikati sm 15.

Mashine ya kuunga iwe nyuzijoto 260. Bomba la 20 lipashwe sekunde 5, la 25 sekunde 7, la 32 sekunde 8. Sukuma moja kwa moja bila kuzungusha. Likipashwa mno, plastiki iliyoyeyuka inajikunja ndani na kubakiza tundu jembamba. Kwa nje kiungo kinaonekana kizuri kabisa.

Hatua ya 4: kupima. Ziba matoleo yote kwa plagi, jaza maji, toa hewa, pandisha presha kwa pampu ya kupimia hadi bar 10. Mwanzoni mshale wa geji hushuka kidogo kwa kuwa PPR inatanuka. Pandisha tena, acha hadi kesho yake. Ukishuka, tafuta kiungo chenye unyevu. Plasta isubiri.

Maswali ya wanachama

*Fundi anasema kufungulia maji ya tangi kunatosha kupima.*
Hakutoshi. Tangi lililo kimo cha mita 6 linatoa bar 0.6 tu. Kiungo kibovu kinaweza kuvumilia hapo, kikapasuka siku ukifunga pampu.

*Mnara umeshajengwa, ni mfupi. Nifanyeje?*
Weka pampu ya kuongeza presha kwenye bomba linalotoka tangini, pamoja na njia ya pembeni yenye valvu ya kuzuia maji kurudi, ili umeme ukikatika maji yaendelee kutoka. Hakikisha pampu inajizima tangi likikauka.

*PPR inaweza kupita juu ya bati?*
Jua linaidhoofisha hadi inapasuka. Ifunike yote kwa sponji ya mabomba, juu yake utepe usioharibiwa na jua, au ipitishe chini ya bati.