Mulozi wa barafu mu Dragon Age: Origins, ginsi ya kumupanga paka adui bote basimame

Bandugu, nianze na kitu kimoja ju kila siku naona batu banakosea apo apo. Mulozi wa barafu haiko wa kuua. Ukimutengeneza ju aue utasikitika, utasema barafu haina nguvu, kiisha utarudia ku moto kama bengine bote. Kazi yake ni kusimamisha batu. Adui banakuya nane, kumi, banakimbia na mapanga, yeye anabageuza sanamu, alafu benzake mu ekipe njo banapita kuvunja sanamu moya moya.

Nachukua Dragon Age: Origins ya BioWare ju ni muchezo wa 2009, hauombi mashini ya bei, laptop yangu ya okazio nilinunua apa Goma inaubeba bila kulia sana. Yangu iko mu Kingereza, donc majina ya uchawi nitaacha vile inaandikwa ku ekra, ule mwenye anacheza mu Kifaransa atafata picha. Na pia usiseme "mulozi wangu" na sauti kubwa kama mama iko mu salon, miye nilishaulizwa maswali ingine sikukuwa na jibu yake.

Ku mwanzo unachagua mutu ao elf (ule wa masikio ya ncha), mbilikimo (dwarf) hakubaliwe kuwa mage (mulozi) kabisa. Chukua elf, anapewa Magic (nguvu ya uchawi) na Willpower (inaongeza mana, ile akiba yenye uchawi inakula) mbili mbili za bure. Kila nivo unapata pwenti tatu, na apa usinipige story ya kugawa gawa: zote ku Magic. Mara moya moya weka moya ku Willpower kama mana inakuishia haraka, basi. Strength, Dexterity, Constitution, uache. Adui akikufikia karibu paka kukupiga, shida haiko damu yako kidogo, shida ni ulisimama fasi mubaya. Na ujue muchezo wenyewe hauna fasi ya kurudisha pwenti, ukitupa imetupwa.

Laini ya barafu iko na uchawi ine na unapashwa kuipita mu mustari: Winter's Grasp, Frost Weapons (Magic 18), Cone of Cold (Magic 25), Blizzard (Magic 34). Winter's Grasp inagandisha mutu moya, nzuri kwa ule mupiga mishale ao mage ya adui mwenye iko mbali anakusumbua. Frost Weapons miye naichukua ju tu ni mulango wa kupita, siiwashe karibu kamwe, ju ikiwaka inashika mana yako fulani na miye hiyo mana naitaka kwa kazi. Ukiweka pwenti vile nimesema, Cone of Cold unaipata mapema, mbele ata ya kufika Lothering, kale kakijiji ka ku mwanzo.

Sasa tukae apa ju Cone of Cold njo build (mupango wa mulozi) yote. Inatoka mu mukono kama mupepo wa pembe tatu, yenye kukuwa mbele yote inaganda, mwenye mwili nguvu anaponyoka lakini ata ule anatembea pole pole. Kiisha sekunde kama kumi unaweza kuitupa tena. Donc swali haiko "nitupe wakati gani", swali ni "nisimame wapi". Benye banapitaka Petite Barrière (mupaka wa Goma na Gisenyi) asubuhi banajua: batu iko mingi sana, mizigo ku kichwa, kila mutu iko na haraka, lakini fasi ya kupita ni kadogo, donc bote banajikusanya apo. Mulango wa muchezo ni vile vile. Usiingie mu chumba. Fungua mulango, banakuona, rudi nyuma mu kolidori, weka Alistair, mwenzako wa ekipe, na ngao yake pa mulango lakini kwa pembeni, weye simama kwa upande, si nyuma yake, kiisha NGOJA. Hii kungoja njo batu banashindwa. Adui wa kwanza akitokea unasikia mukono inawasha, unatupa, unagandisha mutu moya na bale saba wa nyuma banakuya kama kawaida. Acha bajazane. Bonyeza espace, muchezo unasimama, angalia, hesabu vichwa. Ni bane ao batano mu pembe tatu? Haya, tupa.

Na kwa nini nasema usikae nyuma ya Alistair: ju barafu haijue rafiki. Mu nivo ya magumu ya chini kabisa benzako hawaguswe, mu Normal banakula nusu ya maumivu, kuanzia Hard banakula yote. Miye mara ya kwanza mu munara wa Ishal niligandisha Alistair na ule mulinzi wa munara pamoja, adui moya tu njo alibakia muzima, na huyo moya alinikimbiza kuzunguka chumba kama mwivi wa kuku paka nikakufa. Nilicheka lakini nilijifunza.

Bakiisha kuganda, sasa ni kuvunja. Mutu mwenye iko barafu akipigwa na pigo ya critical (pigo yenye nguvu kupita kawaida) anaweza kupasuka vipande vipande, ata kama damu yake ilikuwa bado full. Sten, mwenzako mwingine wa upanga kubwa, anaweza kujifunza Critical Strike, ile ikigusa ni critical bila kuuliza, donc Cone of Cold kiisha Sten, unaskia tu paaa. Weye mwenyewe unaweza kufanya ile kazi na Stonefist: laini ya udongo, uchawi ya pili, inafata Rock Armor, na Rock Armor yenyewe haiko hasara ju mage anavaaka nguo tu. Njo maana miye kiisha Cone of Cold sikimbilie Blizzard, nachukua kwanza izo mbili za jiwe. Sisi batu ya Goma kila kitu inaishiaka ku jiwe.

Ingine ya kuongeza: Mind Blast. Inashangaza bote benye bako karibu na weye, ni ya kuponyoka siku mutu amekufikia. Na Glyph of Paralysis, unaichora chini mu mulango mbele ya vita, wa kwanza kuikanyaga anakauka, ukikuwa na Cone inapumuzika hii njo inakushikia fasi.

Blizzard sasa. Ni kubwa, inanyesha kwa muda, inaumiza, inapunguza mwendo, bengine banaanguka, bengine banaganda. Lakini ni ya kutupa mbali, mu chumba chenye benzako hawajaingia, weye ukiwa inje. Ukiitupa katikati ya vita na benzako bako mu ndani, pole yako. Bale benye banapenda kujionyesha banachukua pia uchawi ingine, Tempest na Spell Might, ukiwasha Spell Might kiisha ukaweka Blizzard na Tempest fasi moya inakuwa Storm of the Century, chumba muzima inaisha. Ni nzuri sana kuangalia lakini mana yote inaenda na iyo haiko tena kusimamisha batu, iyo ni kuua, nilishasema.

Kisha kuna fasi barafu inapata raha na fasi inapata haya. Rage demon bale ba moto banachukia baridi, donc munara wa Circle (fasi ya bamage) ni shamba yako, nenda mapema, na mu Fade (dunia ya ndoto) kule kuna fasi za kugusa zenye zinaongeza pwenti zako za bure paka mwisho, uzitafute zote ata kama iyo sehemu inachosha (inachosha kweli). Mabosi, bale ba jina ya orange, hawapasuke, na mingi banakataa kuganda. Apo mulozi wako anageuka musaidizi: gandisha badogo ba pembeni, acha Alistair na Sten bashugulike na mukubwa, Wynne aponyeshe.

Ya mwisho, F5. Ni sovegarde ya haraka. Kila mulango, mbele ya kufungua, F5. Batri ya laptop yangu inashika dakika tatu, umeme ikienda inaenda, na siku moya nilipoteza Fade nzima nikiwa nimebakisha boss. Mara ya pili nilimaliza na kasirani.