Mafuriko yamekula shamba: jinsi ya kuandikishwa msaada wa serikali

Sisi wa Kasese, magharibi mwa Uganda, Mto Nyamwamba tunaujua. Mei 2013 ulibeba nyumba na mashamba, Mei 2020 ukarudi na kubomoa hata sehemu ya hospitali ya Kilembe. Juzi nimezunguka na mama mmoja jirani yangu, mjane, kufuatilia msaada baada ya mahindi yake kusombwa, na naandika tuliyoyapitia ili wewe usirudishwe mara tatu kama sisi.

Ujue kwanza kwamba msaada huu si fidia. Mara nyingi ni posho (unga wa mahindi), maharage, maturubai au mbegu. Fedha huja mara chache.

Hatua ya 1. Piga picha kabla hujagusa shamba, mtu akiwa amesimama ndani yake. Kisha pima eneo kwa kamba. Ukikadiria kwa macho, afisa kilimo atakupunguzia.

Hatua ya 2. Nenda kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) siku hiyo hiyo, akuandike na akupe barua yenye muhuri.

Hatua ya 3: jina na NIN, yaani namba ya kitambulisho cha taifa. Hapa ndipo tulipokwama siku nne. Sisi Wakonzo hupeana majina kwa mpangilio wa kuzaliwa: binti wa kwanza Masika, wa pili Biira, mvulana wa kwanza Baluku, wa pili Bwambale. Kwa hiyo kijiji kimoja kina akina Biira wengi, na anayewatofautisha ni NIN peke yake. Jina la mama lilikuwa sawa, lakini mwandishi wa orodha alisoma sifuri ya NIN akaandika herufi O. Orodha ikarudi.

Usimsomee mtu NIN kwa mdomo. Mpe ndagamuntu (kadi ya kitambulisho) yenyewe, kisha simama pembeni uhesabu: herufi na tarakimu ziwe 14. Ya raia mwanamke huanza na CF, ya mwanaume CM, halafu zinafuata tarakimu mbili za mwaka wa kuzaliwa. Jina nalo liandikwe vilevile lilivyo kwenye kadi. Biira si Bira, na jina la ubatizo lisilokuwa kwenye kadi liache kanisani. Mimi sipendi orodha ya penseli hata kidogo. Omba kalamu, na upige picha ukurasa wenye jina lako. Kama kadi ilikwenda na maji, pata barua ya polisi uende ofisi ya NIRA, mamlaka ya vitambulisho, mapema, usingoje orodha ifungwe.

Hatua ya 4. Laini ya simu ya kupokelea fedha iwe imesajiliwa kwa jina lako. Ya mama ilikuwa ya mwanawe aliye Kampala, ikabidi tusajili nyingine. Hata kama mtoto ni mwaminifu, majina yasipolingana fedha hazifiki.

Hatua ya 5. Orodha hutoka kijijini kwenda parishi, gombolola, hadi wilayani, na CAO (mtendaji mkuu wa wilaya) ndiye anayeiandikia Ofisi ya Waziri Mkuu, inayoshughulikia maafa. Kila ngazi uliza: imepokelewa lini? Andika tarehe kwenye daftari. Akitokea mtu anataka "chai" ili jina lako lipande, usitoe. Kuandikishwa ni bure.

Zikija fedha, angalia salio mwenyewe: *165# kwa MTN, *185# kwa Airtel. Wakati wa kutoa, mbali na ada kuna kodi ya asilimia 0.5. Namba ya siri bonyeza wewe, hata kama macho hayaoni vizuri. Mama tulimwazimia miwani ya wakala.