Slabu inavuja? Usinunue wotapurufu kabla hujajua maji yanaingilia wapi

Masika ikianza Dar utaona watu wanapanda juu ya slabu, yaani paa la zege, na ndoo ya wotapurufu (rangi ya kuzuia maji) na brashi, wanapaka palepale juu ya doa la sebuleni, mvua inayofuata doa hilohilo. Maji yakishapenya hayadondoki moja kwa moja chini, yanatambaa chini ya skridi (lile tabaka la mchanga na saruji juu ya slabu) mpaka yapate upenyo, kwahiyo doa la katikati ya chumba laweza kuwa limeanzia huko pembeni kabisa kwenye parapeti, ule ukuta mfupi unaozunguka paa.

Swali la kwanza, inavuja hata jua likiwaka wiki nzima? Kama ndio basi kaangalie tanki na mabomba yake kwanza, paa halina kesi.

Kama ni mvua tu, subiri ikatike, panda na chaki, zungushia kila dimbwi unaloliona. Linalobaki mpaka kesho kutwa maana yake mteremko hapo hakuna. Halafu angalia pale slabu inapokutana na parapeti, tundu la kutolea maji, na popote palipotobolewa kwa ajili ya bomba, dishi au stendi ya sola. Mi naanzaga na tundu la maji, piga piga pembeni yake kwa nyuma ya nyundo, ukisikia mlio wa uwazi hapo skridi imeachia na maji yanalala chini yake.

Hujapata bado? Ziba tundu kwa matambara yaliyofungwa ndani ya mfuko wa nailoni, jaza maji sentimita 3 hivi, weka alama ukutani yanapofikia, acha masaa 24. Usijaze kupita kiasi jamani, sentimita 5 tu ni kilo 50 kila mita mraba, na kama zege limeanza kubanduka chini nondo zinaonekana, usijaribu kabisa, ita injinia. Slabu kubwa igawe kwa vituta vya mchanga na saruji ujaze kipande kimoja kimoja, hapo ndo utajua upande gani una shida.

Kwenye kuziba, fundi akikwambia anarashia saruji juu ya ufa mkatalie. Slabu inatanuka mchana na kusinyaa usiku, saruji haivutiki, ufa utarudi tu. Piga brashi ya waya, osha, acha ikauke kweli, kona ya parapeti ijazwe mchanga na saruji kwa mshazari, halafu paka wotapurufu inayovutika, laza wavu wa faiba ikiwa mbichi, ikikauka paka mkono wa pili kukatisha wa kwanza, na upandishe ukutani sentimita 15. Wengi wanaishia sakafuni, ndo maana maji yanapita nyuma.

Anayejenga sasa hivi adai mteremko mapema, angalau sentimita 1 kwa kila mita, mbili ni bora zaidi, upimwe kwa pimamaji fundi akiwa bado yupo na hela yake hujaimaliza. Toboa pia tundu la pili kwenye parapeti, juu kidogo ya lile la kawaida, la kwanza likizibwa na majani maji yapate pa kutokea. Mtu wa dishi naye afunge kwenye ukuta wa parapeti kwa ubavuni, drili yake isiguse slabu.

Doa la ndani usilipake rangi mpaka mvua kubwa mbili tatu zipite na pabaki pakavu.