"Sana" yetu ni moja, ya Kiingereza ni nyingi: namna ya kuchagua

Nimeandika haya kwa ajili ya vijana wa hapa Kigoma wanaojiandaa kutembeza wageni Gombe na Ujiji, wale tunaokaa nao jioni kupitia Kiingereza chao. Lakini yatamfaa yeyote ambaye kila sentensi yake ina "very".

Kwanza futa zile orodha za visawe vya "very" zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Zinakuaminisha kwamba "extremely", "highly", "deeply" na "utterly" ni kitu kilekile, na ukishaamini hivyo utaandika "highly cold" bila wasiwasi wowote.

Hatua ya 1: Tazama unakoleza nini

Kwetu "sana" hufuata chochote: nzuri sana, napenda sana, imenyesha sana. "Very" hukaa mbele ya kivumishi au kielezi, kitenzi haikigusi. "I very like Kigoma" haipo. Sema "I really like Kigoma" au "I like Kigoma very much", na hiyo "very much" iende mwisho, isijibane kati ya "like" na "Kigoma".

Ukilinganisha vitu viwili, "very" inatoka, inaingia "much", "far" au "a lot". Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470. Ziwa Victoria halifiki hata mita 100. Basi: "Lake Tanganyika is much deeper than Lake Victoria." Na ukitaka kulitaja kuwa namba moja: "It is by far the deepest lake in Africa." Hiyo ikariri kabisa, maana wageni hawachoki kuuliza.

Hatua ya 2: Kivumishi kina ngazi, au kimeshafika kileleni?

"Cold" ina ngazi, baridi huweza kuzidi au kupungua. "Freezing" imeshafika kileleni. Hivyo hivyo "tired" na "exhausted", "big" na "enormous", "hungry" na "starving", "angry" na "furious". Vyenye ngazi vipe "very", "extremely", "fairly" au "a bit". Vya kileleni vipe "absolutely": "I'm absolutely exhausted." Ukisema "very exhausted" utaeleweka, ila mwenye lugha ataisikia inakwaruza. "Completely" na "totally" nazo ni za kileleni, lakini zinachagua: "completely full" sawa, "completely enormous" hapana.

"Really" inaingia kote kuwili. Ukikwama mbele ya mgeni, kimbilia hiyo.

Hatua ya 3: "Too" si "sana"

"Too" ni kupita kiasi, na nyuma yake pana tatizo. Ukimwambia mgeni pale Kibirizi, tunakopandia boti, "The lake is very rough", ataelewa kuwa mawimbi ni makubwa, avae jaketi tuondoke. Ukimwambia "The lake is too rough", anashusha begi, safari hakuna. Kwa hiyo usimsifie mtu kwa "You are too kind" kabla hujajua matumizi yake, na sokwe wa Gombe wasiwe "too beautiful". Wana kosa gani?

Hatua ya 4: "Quite"

Hapa kaa vizuri, ndipo jioni nzima huishia.

Mgeni ameandika kwenye simu: "The lunch on the boat was quite nice." Mpishi anauliza, "Mwalimu, kanisifia?" Inategemea katoka wapi. Kwa Mwingereza, "quite" mbele ya kivumishi chenye ngazi mara nyingi ni "kiasi": chakula kililika, basi. Kwa Mmarekani inasogea karibu na "sana", na mpishi ana haki ya kufurahi. Wakati mwingine hata Mwingereza anakuwa anasifia, ila hapo lazima usikie sauti: akikazia "nice", kapenda, akikazia "quite", kuna kitu kimepungua, pengine chumvi kwenye mgebuka. Kwenye maandishi sauti hiyo huipati, ndiyo maana nakwambia usikimbilie kubandika maoni ya namna hiyo kwenye tangazo lako.

Sasa hamia kwenye vivumishi vya kileleni, pamoja na maneno kama "right", "different" na "impossible". Hapo "quite" inageuka kuwa "kabisa", kwa Mwingereza na kwa Mmarekani. "You're quite right" ni "uko sahihi kabisa", wala si "una usahihi kiasi".

Ukikanusha inageuka tena. "Are we there?" "Not quite." Maana yake tumekaribia, bado kidogo. Wengi hutafsiri "si sana", na mgeni anashangaa boti ikifunga gati dakika mbili baadaye. Tena kuna "quite a few", ambayo ukiona "few" utadhani ni wachache. Ni wengi. Mgeni aliyeona "quite a few chimps" hakudai kurudishiwa hela.

Mpangilio nao una mtego: "a very long walk", "a fairly long walk", lakini "quite a long walk"; "a" inarukia nyuma ya "quite". Halafu herufi: "quiet" ni tulivu. Ufukwe unaweza kuwa "quite quiet", na hapo mwandishi na msomaji wote huumwa kichwa.

Msimamo wangu: ijue "quite" kwa kusikia na kusoma, mdomoni mwako usiiweke. "Fairly" itabeba "kiasi", "really" itabeba "sana", na hakuna atakayekuelewa vibaya.

Hatua ya 5: Andika jozi

Sisi husema giza totoro, nyeupe pe, nyeusi ti, kalala fofofo. Hakuna asemaye nyeupe totoro. Kiingereza nacho kina ndoa zake: "fast asleep", "wide awake", "pitch dark", "bitterly disappointed", "seriously ill", "badly damaged", "highly recommended", "deeply sorry". Mvua ikinyesha sana, "it rained heavily". Sheria ya kuzikisia haipo. Nunua kaunta buku, andika jozi nzima, kamwe usiandike neno moja peke yake. Kamusi ya Oxford Learner's iko mtandaoni bure; soma mifano kabla ya maana. Programu za kutafsiri mimi sizitaki kwa kazi hii, maana ukizipa "sana" zinakimbilia "very" na hazikuambii kwa nini.

Hatua ya 6: Barua ya kazi

"Pretty good" na "totally" ni za kijiweni, zitoe. Na ukitaka kusema unafanya kazi kwa bidii, ni "I work hard". Usiongeze "-ly" ili ionekane kielezi, kwa sababu "hardly" ni "kwa nadra mno" au "ni kama hapana kabisa", na bosi akisoma "I hardly work" atakuwa amesoma kwamba kazi hufanyi.